Uvundo unaotoka kwenye AC ya gari: chanzo ni nini, na unaondokaje?

Mkazi_wa_Kigamboni

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua AC za magari. Gari ni Toyota Fielder ya 2008, AC ya kuzungusha kwa mkono. Ubaridi hauna shida hata kidogo, ila kila nikiwasha asubuhi uvundo unajaa ndani, kama nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Baada ya dakika mbili tatu unafifia. Nikizima mchana na kuwasha tena jioni, umerudi. Gari linalala nje, chini ya mwarobaini.

Fundi mmoja anasema gesi imechoka, ijazwe upya. Mwingine anataka kushusha dashibodi yote. Dukani wananipa marashi ya kuning'iniza kwenye kioo. Kabla sijatoa hela naomba kujua: uvundo huu unatoka wapi hasa, gesi inahusika, na kuna kazi ninayoweza kuifanya mwenyewe nyumbani?

FundiBaridi_Tanga

Mkuu, dalili ulizozieleza zinatosha. Harufu inayokuja kwa nguvu mwanzoni kisha ikafifia ni ya kuvu na bakteria walioota kwenye evaporeta. Evaporeta ni ile rejeta ndogo ya alumini iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ndani ya boksi la plastiki. Gesi inapochemkia humo, uso wake unashuka hadi nyuzi 3 hadi 5 hivi za Selsiasi. Feni inasukuma hewa yenye joto na unyevu kupitia mapezi yake, hewa inapoa, na maji iliyobeba yanabaki juu ya mapezi. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo maji ni mengi: siku ya fukuto yanaweza kufika hata lita moja kwa saa. Yanatakiwa yadondoke kwenye trei ya chini, yapite kwenye mpira mdogo na kumwagika uvunguni. Yale matone unayoyaona chini ya gari likiwa na AC ndiyo hayo.

Shida inaanza ukizima. Mapezi yamekaa karibu karibu mno, maji yananasa katikati yake na hayashuki yote. Ndani ya boksi kuna giza, joto la injini linapenya, na kuna vumbi, chavua na vipande vya majani vilivyonaswa na maji. Kuvu haihitaji kingine. Utando unaota usiku kucha, na asubuhi feni inapopuliza hewa juu yake, unavuta harufu yote kwa mkupuo. Evaporeta ikishapoa na kulowa upya harufu inapungua kutoka, lakini utando bado upo palepale.

Gesi haihusiki. Gari lako linatumia R134a, nayo inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haikutani na hewa unayovuta, na yenyewe karibu haina harufu. Ingekuwa imepungua ungeona ubaridi unashuka na kompresa (pampu inayoisukuma gesi) inawaka na kuzima mara kwa mara. Ubaridi ukiwa mzuri, usikubali kujaziwa gesi. Ukizidisha unapandisha presha na kuiumiza kompresa, na uvundo unabaki vilevile.

Marashi nayo hayagusi chanzo. Utapata harufu mbili badala ya moja.

Fuata mpangilio huu: kwanza njia ya maji, pili filta na njia ya hewa, tatu kuosha evaporeta, mwisho kuzoea kuikausha kila siku. Watu wengi wanakimbilia hatua ya tatu, wanapuliza dawa, wiki mbili harufu imerudi kwa sababu trei bado ina maji.

Njia ya maji unaipima bila kufungua kitu. Paki gari sehemu kavu, washa AC hadi mwisho kwa dakika 15 hadi 20, halafu chungulia uvunguni upande wa abiria wa mbele, karibu na katikati ya gari. Siku yenye unyevu lazima ukute maji yanadondoka tone baada ya tone. Kukiwa kukavu, au matone ni ya kuhesabu, mpira umeziba. Papasa pia kapeti ya abiria wa mbele, bonyeza kwa ngumi hadi chini kwenye sponji. Na ukikata kona sikiliza kama kuna maji yanacheza nyuma ya dashibodi.

Filta iko nyuma ya droo ya dashibodi. Toa vitu vyote, fungua kile kimkono kidogo cha pembeni kinachoizuia isianguke ghafla, kisha bana kuta za droo kwa ndani na uishushe. Utaona kifuniko kirefu cha plastiki chenye vibanio pembeni; kivute. Filta ya gari hili ni takribani sentimita 21.5 kwa 19.5, unene wa sentimita 3. Ikiwa imeandikwa "UP" neno likae juu. Ikiwa na mshale wa mkondo wa hewa, mshale uelekee chini kwenye feni. Usiioshe wala usiipige upepo wa kompresa ya kujazia matairi: nyuzi zinapanuka, inaonekana safi lakini inapitisha vumbi. Badilisha kila kilomita 10,000 hadi 15,000, na kwa barabara za vumbi ikague kila kilomita 5,000. Magari mengi yanayotoka Japani yanafika yakiwa na filta ya zamani sana, na mengine nafasi ipo lakini filta haikuwekwa kabisa. Gari la namna hiyo limekuwa likimwaga vumbi lote kwenye evaporeta.

Mwarobaini unao mchango wake. Hewa ya nje inaingilia chini ya waipa. Vijani vya mwarobaini ni vidogo, vinapita kwenye grili, vinaoza kwenye mfereji wa chini, na vingine vinafika hadi kwenye feni. Fungua boneti, zoa majani yote chini ya grili, kisha mwaga lita mbili za maji taratibu uone kama yanatoka pande zote mbili nyuma ya matairi ya mbele. Yakisimama, fukua matundu. Ukitoa filta chungulia pia feni kwa tochi. Jani moja likinasa humo linatoa mlio wa kugonga unaoenda kasi kadiri unavyoongeza feni.

Tupe majibu ya njia ya maji kwanza, ndipo tuzungumzie dawa.

Spana_Kumi

Naongezea kwa wengine watakaosoma, maana si kila harufu ya AC ni kuvu, na kuosha evaporeta hakutasaidia kama chanzo ni kingine.

Harufu tamu tamu, kioo cha mbele kikipata ukungu wenye mafuta usiofutika vizuri, na kulanti ikipungua bila kuonekana inakovuja: hiyo ni rejeta ya hita imetoboka, maji ya injini yanaingia kwenye boksi hilohilo. Usiendelee kuendesha, injini itachemka siku moja. Harufu ya kuungua plastiki feni ikiwa kasi ni soketi au rizista ya feni (kifaa kinachopunguza mwendo wake) inayeyuka, au mota ya feni imechoka na inavuta umeme mwingi. Harufu ya mzoga inayozidi mchana gari likipata joto ni panya. Anapenda kujenga kiota juu ya filta au kwenye feni. Harufu ya petroli, au ya moshi wa ekzosi, hiyo ni hatari. Ndani ya moshi kuna kaboni monoksaidi ambayo yenyewe haina harufu na inaua. Fungua vioo, simamisha gari, tafuta uvujaji.

Uvundo wa kuvu una tabia yake: unakuja mwanzo wa kuwasha, na unakuja tena kompresa inapozima na feni ikaendelea, kwa sababu mapezi yanapata joto na kuanza kukauka. Jaribu hivi: AC ikiwa imefanya kazi dakika kumi, zima kitufe cha AC tu, acha feni. Uvundo ukiongezeka ndani ya dakika moja au mbili, ni evaporeta.

Mkazi_wa_Kigamboni

Ahsanteni sana, FundiBaridi na Spana. Nimefanya yote. Jaribio la Spana: nikizima kitufe cha AC na kuacha feni, uvundo unapanda kweli. Uvunguni baada ya dakika 20 nimehesabu matone manne. Kapeti ya abiria kwa juu ni kavu, ila nikibonyeza karibu na ukuta wa mbele ina unyevu. Nyuma ya droo kifuniko kipo, filta hakuna, ni nafasi tupu. Naanzia wapi?

FundiBaridi_Tanga

Basi chanzo kimejulikana: mpira umeziba, trei imejaa, na evaporeta imekula vumbi miaka yote. Usipulize dawa yoyote kabla ya kuzibua mpira, kwa sababu povu litakosa pa kutokea na maji machafu yatamwagikia kapeti na mota ya feni.

Kuzibua: acha injini ipoe kabisa, bomba la ekzosi liko jirani. Inua mbele kwa jeki na uweke stendi mbili imara. Usiingie uvunguni gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Tafuta kwenye ukuta kati ya injini na kabini kimpira cheusi kilichojikunja kuelekea chini, kipenyo kama cha kidole kidogo. Usikichanganye na mipira miwili mikubwa ya hita iliyobanwa kwa klipu, hiyo ina maji ya injini. Wala usiguse mabomba ya alumini ya AC.

Kwanza kibonyeze bonyeze ncha yake kwa vidole. Tope mara nyingi limekaa kwenye ncha, na nyigu nao hupenda kujenga humo. Ukikaa chini yake vaa miwani, maji yanaweza kutoka ghafla na ni machafu. Yasipotoka, chomeka mshipi mnene wa kuvulia au uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia majani, unene wa milimita 2 hadi 3, uzungushe taratibu huku ukiusukuma. Usisukume zaidi ya sentimita 10 hivi na usitumie waya wa chuma wala spoku. Evaporeta iko juu tu ya trei na alumini yake ni nyembamba. Ukiitoboa, gesi yote inatoka na hapo ndipo dashibodi itashushwa kweli.

Upepo wa kompresa wengi wanaupenda lakini unasukuma uchafu kurudi juu kwenye trei, utaziba tena. Kuvuta ni bora: funga mdomo wa mashine ya kufyonza inayokubali maji kwenye mpira kwa kitambaa, ivute kwa nusu dakika, mara mbili tatu. Ukikosa mashine na ukalazimika kutumia upepo, punguza hadi kama bar 2, na upulize kwa vipindi vifupi.

Ukimaliza, washa AC dakika 20 nyingine. Ukiona maji yanatiririka sasa hivi, nenda kwenye kapeti.

Binti_wa_Likoni

Naomba niingilie hapo kwenye kapeti, watu huipuuza na ndiyo inayowarudishia harufu wakidhani dawa imeshindwa. Chini ya kapeti ya Toyota kuna sponji nene. Kwa juu panakauka kwa siku moja, chini panabaki maji kwa majuma. Kuipangusa kwa taulo haitoshi.

Kama unyevu uko mbele tu, vua plastiki ya kizingiti cha mlango (inang'oka kwa kuvuta juu) na ile ya pembeni karibu na miguu ya abiria, kunja kapeti kuelekea kitini, ingiza vipande vya mbao chini yake na uache milango wazi juani, siku mbili nzima. Kama maji yamefika chini ya kiti, kiti kitoke. Kimeshikwa na bolti nne, kwa kawaida spana ya 14. Chini yake kuna soketi za waya. Kabla ya kuzichomoa toa ncha hasi ya betri na usubiri dakika chache, kisha usiwashe swichi hadi uzirudishe, la sivyo taa ya airbag itawaka na itahitaji kufutwa kwa mashine. Sponji yenyewe uiminye, uisuuze kwa maji na sabuni kidogo, uianike hadi ikauke kabisa hata katikati. Ukiikuta imeanza kuota madoa meusi na inameguka, itupe, ununue nyingine.

Chungulia pia soketi za waya zilizo chini ya kapeti ukutani. Zikiwa na kutu ya kijani zisafishe, maana huleta matatizo ya umeme ambayo hakuna atakayeyahusisha na AC.

Na uhakikishe maji ni ya AC. Ya AC ni safi, hayana rangi wala utelezi, na huja hata siku za jua. Yakija baada ya mvua au kuosha gari tu, tafuta kwenye raba za mlango, ule mfereji wa chini ya waipa, au gundi ya kioo cha mbele. Yakiwa na rangi nyekundu au kijani na yanateleza, rudi kwa Spana pale juu: ni hita.

FundiBaridi_Tanga

Ahsante dada, umemaliza. Sasa kuosha.

Dawa inayotakiwa ni ya povu, iliyoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya evaporeta ya gari, pamoja na mrija wake mrefu. Usichukue dawa ya kuosha AC za nyumbani bila kusoma: nyingine ni za asidi au magadi makali, zimetengenezwa kwa ajili ya mashine za nje ya jengo na zinatakiwa kusuuzwa kwa maji mengi. Kwenye gari huwezi kusuuza hivyo. Zinakula alumini, na zinaondoa ule utando wa kiwandani juu ya mapezi unaofanya maji yateleze kushuka. Utando huo ukitoka, evaporeta inashika maji zaidi kuliko mwanzo.

Kwenye Toyota ya namna hii wengi hukosea mahali pa kupulizia. Wanatoa filta na kupuliza hapohapo. Ila filta iko juu ya feni: hewa inapita filta, inapita feni, ndipo inafika kwenye evaporeta. Ukipuliza povu kwenye nafasi ya filta, linaangukia mota ya feni. Matundu mazuri ni mawili. La kwanza ni la rizista ya feni, chini ya dashibodi upande wa abiria, kwenye njia ya hewa iliyo kati ya feni na evaporeta. Toa soketi, fungua skrubu mbili, vuta rizista nje. Tundu linatazama njia inayokwenda kwenye evaporeta. La pili ni ule mpira wa maji ulioufungua.

Zima kila kitu, swichi nje, vioo wazi. Tandika plastiki na magazeti juu ya kapeti. Ingiza mrija kwenye tundu la rizista ukielekea katikati ya gari, mbali na feni, sukuma hadi uguse kitu kigumu, rudisha sentimita 2. Nyunyiza huku ukiuvuta taratibu na kuuzungusha juu, katikati, chini. Karibu nusu ya kopo la mililita 400 hadi 500 inatosha kwa raundi ya kwanza. Subiri dakika 15 hadi 20. Povu litageuka maji na kutoka uvunguni. Weka beseni uone rangi yake. Gari lililokaa bila filta hutoa maji ya kahawia yenye matope. Rudia kwa nusu iliyobaki. Maji yakiendelea kuwa machafu, nunua kopo la pili kuliko kuacha nusu nusu. Ukiwa na pampu ndogo ya mkono, nyunyiza maji safi nusu lita baada ya povu, kidogo kidogo, huku ukiangalia kwamba yanatoka chini kwa kasi ileile.

Rudisha rizista ikiwa kavu. Acha AC ikiwa imezimwa, hewa ya nje, feni ya kwanza kwa dakika 5, kisha feni ya mwisho kwa dakika 15. Watu husema weka joto la mwisho ili ikauke. Rejeta ya hita iko baada ya evaporeta, kwa hiyo lile joto linakuja usoni kwako bila kupita kwenye mapezi. Kinachokausha ni upepo. Ukitaka joto lifanye kazi, baada ya upepo wa kwanza weka hita ya mwisho, geuza kwenye hewa ya ndani, acha kioo kimoja wazi kidogo ili unyevu utoke, na wewe kaa nje ya gari. Hewa ya moto itanyonywa tena na kupita kwenye evaporeta. Hilo lifanyie uwanjani, kamwe si ndani ya banda lililofungwa.

Filta mpya iwekwe mwisho, kila kitu kikiwa kikavu.

Spana_Kumi

Mambo matatu ya usalama ambayo FundiBaridi hakuyagusa.

Usitumie jiki. Klorini inakula alumini na mvuke wake utauvuta wewe na watoto kwa siku kadhaa. Na kuna wanaochanganya jiki na siki wakidhani inaongeza nguvu. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini yenye sumu, ndani ya kabini ndogo.

Usipulize spiriti feni ikiwa inazunguka. Rizista kwenye mwendo wa chini wa feni huwa ya moto sana, na mvuke wa spiriti unashika. Makopo ya kupuliza nayo mengi yanasukumwa na gesi inayowaka. Ndiyo maana ya kuzima kila kitu na kufungua vioo.

Mashine za ozoni zinazotangazwa mitandaoni zinaua harufu ya viti na dari, lakini haziondoi matope kwenye mapezi. Ozoni inaumiza mapafu na ikizidi inachakaza raba. Anayeitumia asikae ndani, asizidishe muda ulioandikwa kwenye mashine, na baadaye afungue milango yote angalau nusu saa.

Yale makopo ya "bomu" unayobonyeza na kuyaacha chini ya dashibodi upande wa abiria, AC ikiwa kwenye hewa ya ndani, yanafaa kumalizia mifereji ya hewa baada ya kuosha. Peke yake kwa gari kama lako ni hela ya bure.

Mkazi_wa_Kigamboni

Nimezibua mpira, lilitoka donge la udongo na maji kama lita moja. Povu makopo mawili, filta mpya, kapeti imeanikwa. Uvundo umeondoka. Sasa nauliza ya kuzuia usirudi. Na filta ya mkaa inafaa? Pia shemeji ana Toyota Aqua yenye harufu hiyohiyo na fundi wake anataka kushusha dashibodi.

Binti_wa_Likoni

Kuzuia ni kukausha. Ukibakiza dakika 3 hadi 5 kufika, zima kitufe cha AC, acha feni kubwa, hewa ya nje. Huku kwetu pwani utaona kioo cha mbele kinapata ukungu ghafla ukifanya hivyo: ni yale maji ya kwenye mapezi yanaingia kabini. Shusha vioo vya pembeni kidogo kabla ya kuzima, na kama mvua inanyesha au uko barabara ya kasi, usijaribu, uone njia kwanza. Kukausha utakufanya ukishapaki.

Kile kitufe chenye mchoro wa gari na mshale unaozunguka kitumie kupooza gari haraka au kukwepa moshi wa lori, kisha urudi hewa ya nje. Ukikaa nacho safari nzima, pumzi za watu, nguo zilizolowa na miavuli vinazunguka humo humo. Baadhi ya magari ya Hyundai na Kia huwasha feni yenyewe baada ya kuzimwa ili kukausha evaporeta. Ukisikia feni inavuma gari likiwa limepakiwa, si hitilafu.

Filta ya mkaa inapunguza moshi na harufu za barabarani. Kuvu iliyoko mbele yake haiigusi. Inabana hewa kidogo na mkaa wake huchoka kabla filta haijaonekana chafu, kwa hiyo ukiinunua usiikalie zaidi ya mwaka.

FundiBaridi_Tanga

Kuhusu Aqua: aanze na hatua zako zilezile, mpira, filta, povu. Dashibodi inashushwa kama evaporeta inavuja gesi, au imejaa matope hadi upepo umekuwa dhaifu hata feni ikiwa mwisho na filta ikiwa mpya. Kabla ya kukubali, aombe aoneshwe evaporeta kwa kamera ndogo ya waya kupitia tundu lililo kati ya feni na evaporeta. Mapezi yakionekana, povu litatosha.

Ikibidi kushusha, amuulize fundi maswali haya kabla ya kazi. Gesi ataivuta kwa mashine au ataiachia hewani? Oringi zote (raba za duara) za maungio atabadilisha? Atanyonya hewa kwa pampu angalau dakika 30 na kuangalia kama geji inabaki palepale? Gesi ataipima kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya boneti, au kwa kushika bomba?

Na la muhimu kuliko yote kwa haibridi kama Aqua (gari la petroli na umeme): kompresa yake ni ya umeme wa volti kubwa, ina nyaya za rangi ya chungwa, na mafuta yake ni ND-OIL 11. Magari ya kompresa ya mkanda kama Fielder hutumia ND-OIL 8, ambayo ni PAG, aina nyingine ya mafuta. Tone la PAG likiingia kwenye kompresa ya umeme linaharibu ukinzani wa nyaya zake, umeme unavuja, na mfumo wa haibridi unaweza kugoma kabisa. Hata geji na mipira ya kujazia iliyotumika kwenye magari mengine hubaki na mafuta hayo ndani. Fundi asiyekuwa na vifaa vya pekee vya haibridi asifungue mabomba ya Aqua. Kazi ya povu na mpira anaweza kuifanya bila wasiwasi, kwa sababu haigusi gesi wala mafuta.